Poa ya Mama Ciru

Kwenye ile chai ya kuniaga, mkuu wa maabara alisimama akasema kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kupoteza hata kipimo kimoja. Mlipiga makofi. Mimi sikusema kitu, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa sambusa, na mtu mzima hasahihishi sifa huku akitafuna. Nilipomeza, alikuwa ameshahamia kwa mgeni wa heshima. Basi sahihisho nalileta hapa kwa maandishi, kwenu vijana mliobaki na funguo za stoo. Nilipoteza kipimo kimoja, nacho ndicho kilichokuwa na maana kuliko vingine vyote. Sikukisahau kwenye gari wala hakikuliwa na panya. Nilikisoma kwa macho yangu mawili kila Alhamisi, nikakitafsiri, kikafa.

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka Machakos na cheti cha ufundi wa maabara, suruali mbili, na majivuno ya Kiswahili. Hilo la tatu mliweke akilini. Shuleni nilikuwa nimepata alama za juu kabisa katika somo hilo, na nilikuja Nairobi nikiamini kwamba jiji zima lilikuwa likisubiri mtu wa kulisahihisha. Nilipanga chumba cha uani mtaani Buruburu, kwa karani mmoja wa serikali, na katika wiki ya kwanza nilimrekebisha ngeli mara tatu, mbele ya watoto wake. Wiki ya pili akaanza kunisalimia kwa kichwa tu.

Mradi wetu ulikuwa mdogo. Mkuu wake alikuwa Daktari Nyambura, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, mzaliwa wa mtaa wa Jericho hapahapa Nairobi, aliyekuwa amesoma mpaka vitabu vikamwogopa. Chini yake alikuwepo Mzee Otieno, fundi mkuu, ambaye alikuwa amepima maji tangu mimi niko kwenye nepi. Halafu mimi. Halafu Land Rover, ambayo kwa tabia ilikuwa na cheo kikubwa kuliko mimi, maana ilikwenda kazini siku iliyotaka.

Kazi ilikuwa kulitazama bwawa moja. Ng'ambo ya barabara ya Outer Ring, nyuma ya mtaa wa Donholm, kulikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani, na shimo lake lilikuwa limejaa maji miaka mingi. Watu waliliita Shimo, basi. Maji yake yalikuwa maangavu kiasi kwamba ungeona majani yaliyoota chini, na samaki wadogo wakipita katikati yake kama watu wa sokoni. Daktari alitaka kujua jambo ambalo leo mnalisoma mwaka wa kwanza chuoni: je, bwawa la namna hiyo linapochafuliwa kidogo kidogo, huharibika kidogo kidogo, au huvumilia, huvumilia, kisha siku moja likageuka lote kwa pamoja? Na kama hugeuka hivyo, je, kuna dalili yoyote mtu anaweza kuiona mapema, kabla ya siku yenyewe?

Chombo changu kikuu kilikuwa sahani. Ninyi sasa mna vyombo vinavyoongea na simu, kwa hiyo nieleze. Ni bamba la chuma la duara, lililopakwa rangi nyeupe na nyeusi, lililofungwa kamba yenye mafundo. Unaishusha majini polepole mpaka isionekane, unahesabu mafundo, unaandika. Mafundo mengi, maji maangavu. Mafundo machache, mashaka. Mzee Otieno ndiye aliyenifundisha kufunga yale mafundo, kwa siku nzima, akifungua niliyofunga vibaya bila kusema neno. Jioni ndipo alipofungua mdomo.

"Kijana, sahani ni nzuri. Lakini kwanza uliza mwenye maji, halafu ndiyo upime."

"Mwenye maji ni nani, Mzee? Si ni shimo la machimbo tu?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyevaa soksi mkononi. "Kila maji yana mwenyewe," akasema, akaenda zake.

Niliitikia jinsi vijana wanavyoitikia wazee, yaani kwa shingo tu.

Siku ya kwanza pale Shimo nilisimama juu ya jiwe nikiwa na koti jeupe la maabara. Mzee Otieno alikuwa ameniambia koti halihitajiki. Nilishusha sahani kwa madaha, fundo la kwanza, fundo la pili, nikainama kuitazama vizuri inavyopotea, na mimi nikapotea nayo. Maji yalinifika kifuani. Nilipoibuka, nilisikia mtu anacheka upande wa pili, kicheko cha mtu aliyeweka debe chini kwanza ili acheke vizuri.

"Pole, Bwana Sahani!" akapaza sauti. "Umepata ngapi?"

Huyo ndiye Mama Ciru, na jina alilonipa lilinifuata kazini mpaka kwenye kadi yenu ya kuniaga. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi. Alizaliwa Muthurwa, kwenye nyumba za reli, na mumewe alikuwa mtu wa reli pia mpaka alipofariki. Baada ya hapo yeye na binti yake Ciru walihamia kibanda karibu na Shimo, na kando ya maji akalima ukanda mrefu wa sukuma wiki na mchicha. Alinyunyizia kwa debe, asubuhi na jioni, akauzia vibanda vya Donholm na Buruburu. Wengine wetu tukishindwa hapa tuna mahali pa kurudi, hata kama ni kwa aibu. Mimi nina kwetu Machakos. Yeye aliniambia waziwazi, "Mimi kwetu ni Muthurwa, na hiyo nyumba ilirudi kwa reli. Sasa kwetu ni hapa, kwa hii maji." Maji yakiharibika, hakuwa na shamba lingine. Nililijua hilo tangu mwezi wa kwanza, kwa hiyo nisije nikajitetea kwamba sikujua.

Siku moja aliniuliza tunatafuta nini hasa, nami nikamweleza kwa robo saa, kwa Kiswahili sanifu, nikitumia neno mfumo-ikolojia mara nyingi. Alinisikiliza huku anang'oa magugu. Nilipomaliza akasema:

"Aa, kumbe ni kama uji na ugali."

"Kivipi, Mama?"

"Si unaongeza unga kidogo, ni uji. Unaongeza, ni uji. Unaongeza, bado ni uji. Halafu ghafla unashtuka ni ugali. Na ukimwagia ugali maji hairudi kuwa uji. Inakuwa kitu ya kupea kuku."

Miaka mingi baadaye nilitumia mfano huo kwenye semina, mkapiga makofi, na mtu mmoja akauliza niliutoa wapi. Nilisema ulinijia tu. Hilo nalo ni sahihisho.

Mzee Otieno alistaafu mwaka uliofuata, na jambo la mwisho alilofanya lilikuwa kumpelekea Mama Ciru daftari la jalada gumu na kalamu mbili. Alisema sisi tunakwenda mara moja kwa wiki, lakini yeye analala pale, kwa hiyo atuandikie siku mvua inaponyesha na hali ya maji. Akamchorea safu tatu kwa rula: Tarehe, Mvua, Maji. Kazi yangu ilikuwa kulisoma daftari kila Alhamisi na kuyahamishia maneno yake kwenye fomu zetu, ambazo zilikuwa za Kiingereza, kwa sababu wafadhili walikuwa watu wa mbali.

Hapa lazima nikiri jambo la viatu. Udongo wa kule ni ule mweusi unaonata. Mvua ikinyesha, kila hatua unaongeza kilo kwenye soli, na baada ya hatua ishirini unatembea kwa urefu usio wako. Mimi nilikuwa nimenunua viatu vya ngozi vya kahawia, vya kwanza katika ukoo wetu. Basi Alhamisi ikiwa na matope, kipimo kiliahirishwa mpaka pakauke. Kwenye fomu niliandika kwamba njia haipitiki, na Land Rover ilikuwa shahidi wangu wa kudumu. Matokeo yake ni kwamba nililipima Shimo likiwa limeshaoga na kuchana nywele. Mafundo yalikuwa yaleyale, wiki hadi wiki, na mimi nikajisifu kwa data safi.

Mama Ciru hakuwa na viatu vya kahawia. Aliandika kila mvua. "Mvua kubwa. Maji chafu." Kisha siku kadhaa hakuna kitu. Kisha: "Maji poa." Mvua nyingine: "Maji chafu, topetope." Halafu nafasi. Halafu: "Maji poa."

Mara ya kwanza nilipoliona neno hilo nilitabasamu kwa huruma. Nilikuwa na alama za juu, mnakumbuka. Kupoa ni kupungua joto. Chai hupoa. Kwa hiyo nikaandika kwenye fomu, upande wa jotoridi, kwamba kwa maoni ya mwangalizi maji yalikuwa ya baridi. Shida ni kwamba kipimajoto changu hakikukubaliana naye. Siku alizoandika poa zilikuwa za jua kali, na maji yalikuwa vuguvugu kabisa. Nilitafakari nikafikia uamuzi kwamba mwangalizi anapima kwa kidole, na kidole chake ni kigumu kwa sababu ya jembe. Nikaacha kuyanakili. Pembeni ya fomu niliandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba maelezo ya mwangalizi kuhusu joto si ya kutegemewa.

Nilikwenda hata kumpa darasa.

"Mama Ciru, hili neno poa si kipimo. Maji yanaweza kuwa ya baridi, ya vuguvugu, ama ya moto."

"Lakini yalikuwa poa."

"Nilipima mwenyewe. Yalikuwa vuguvugu."

"Ndiyo. Vuguvugu, na poa." Alinitazama usoni kuona kama natania. "Bwana Sahani, kwani kwenu mnaongea nini?"

"Kiswahili," nikasema, na najuta jinsi nilivyolitamka.

Nikamletea kipimajoto cha ziada ili ajifunze. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Alhamisi iliyofuata nilimkuta amekilaza kwenye kikombe ndani ya kibanda, na Ciru amejifunika gubigubi kitandani. Alikuwa amekitumia kumpima mtoto.

"Alikuwa na homa mbaya," akaniambia. "Lakini jana ilianza kupoa. Ile ya mwaka jana ilipoa haraka, siku mbili tu. Hii imekaa. Ikikaa hivyo najua mwili umechoka, nampeleka hospitali bila kungoja."

Vijana, hebu simameni hapo kidogo. Mwanamke huyu alinisimulia, bila ada, somo zima ambalo mradi wetu ulianzishwa kulitafuta. Mwili ulio na nguvu huumia ukarudi upesi. Mwili unaokaribia kushindwa huumia vilevile, ila unachelewa kurudi, na kule kuchelewa ndiko dalili. Mimi nilimwambia kipimajoto cha mradi hakitumiki kwa binadamu, nikakichukua, nikakiosha kwa spiriti.

Wakati huo mtaa mpya ulikuwa ukijengwa upande wa juu. Mwenye majumba alikuwa amechimba mtaro kutoka kwenye nyumba zilizokwisha kukaliwa, na maji ya sabuni, ya vyoo na ya jikoni yakateremka moja kwa moja mpaka Shimo. Daktari Nyambura alikuwa na wasiwasi. Aliomba kikao na watu wa majumba, akataka waugeuze ule mtaro kabla ya masika. Kikao kilifanyika palepale kando ya maji. Mhandisi wao alikuja na kofia ya plastiki, mtu mpole, mwenye haraka. Mama Ciru alisimama nyuma yetu na debe lake, maana hakuna aliyekuwa amemkaribisha, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumfukuza.

Mhandisi aliuliza swali moja tu, tena la haki. "Huu mtaro una zaidi ya mwaka sasa. Vipimo vyenu vinaonyesha mabadiliko yoyote?"

Daktari alinigeukia mimi. Nilikuwa na faili kwapani na viatu vinang'aa.

"Hakuna mabadiliko," nikasema. "Mafundo ni yaleyale."

Nyuma yangu Mama Ciru akasema, "Hii maji inakawia kupoa siku hizi."

Nami nikageuka, Mungu anisamehe, nikamweleza mhandisi kwa Kiingereza kwamba mama anazungumzia joto la maji, na kwamba suala hilo tumeshalichunguza. Mhandisi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Alisema kwa kuwa hakuna mabadiliko, wataugeuza mtaro baada ya masika, kazi nyingine zikiisha. Daktari alikuwa ameshasogea hatua chache, akiangalia mdomo wa mtaro, hakusikia kilichosemwa na Mama Ciru. Alisikia tafsiri yangu tu, niliyoitoa kwa sauti kubwa. Tulipeana mikono. Mama Ciru akachota maji yake akaenda.

Masika ya mwaka ule hayakuwa makubwa. Hizo mvua za El Niño ambazo kila mtu wa Nairobi anazikumbuka zilikuja baadaye, na mara nyingi nimetamani ningeweza kuzisingizia. Hizi zilikuwa mvua za kawaida. Alhamisi mbili nilibaki ofisini na viatu vyangu. Alhamisi ya tatu nilikwenda, na kabla sijafika nilisikia harufu.

Shimo lilikuwa kijani. Sisemi kijani cha majani, nasema kijani cha rangi ya kupaka ukuta. Samaki walikuwa juu wakihema kwa midomo, wengine wameshageuka matumbo. Nilishusha sahani. Ilipotea kabla ya fundo la kwanza. Niliipandisha nikaishusha tena, kama mtu anayejaribu swichi baada ya stima kupotea, nikapata jibu lilelile.

Kazi ya kueleza nini kilitokea haikuwa ngumu, mnaijua. Sabuni na uchafu vililisha mwani. Mwani ulitanda juu, majani ya chini yakakosa jua yakafa. Majani ndiyo yaliyokuwa yakishikilia tope, basi tope likainuka, na giza likaongezeka. Uji ulikuwa umeshakuwa ugali. Mwenye majumba aliugeuza mtaro mwezi uliofuata, kama alivyoahidi, tena kwa kazi nzuri ya saruji. Haikusaidia kitu. Maji yalibaki vilevile.

Mama Ciru alinyunyizia maji yale wiki moja. Wateja wake Buruburu walinusa mboga wakazirudisha. Alijaribu kubeba maji safi ya bomba kutoka mbali, lakini ukanda ule ulikuwa mrefu na mabega yake yalikuwa mawili. Sukuma ilinyauka kutoka mwisho mmoja kwenda mwingine. Alhamisi moja nilifika nikakuta kibanda kimefungwa kwa waya, na daftari limewekwa kwa jirani, limefungiwa ndani ya karatasi ya nailoni ili lisilowe. Jirani akasema ameenda Kayole, anafulia watu nguo.

Nililipeleka daftari ofisini nikalitupa kwenye droo. Ni Daktari Nyambura aliyeniomba makaratasi yote ya asili, kwa ajili ya ripoti ya mwisho. Nilimpa fomu zangu, akasema, "Hapana, Kioko. Yale ya asili kabisa." Nikamletea daftari. Aliketi dirishani akalifungua, na kwanza akacheka, maana lugha ile ilimrudisha kwao Jericho. Alisoma kwa sauti: "Maji chafu. Maji poa." Akageuza ukurasa. "Maji chafu. Maji poa." Kisha akaacha kucheka. Alirudi mwanzo na akaanza kuhesabu kwa vidole, kutoka kila chafu mpaka poa yake. Nilimwona akikunja vidole viwili. Baadaye vitatu. Baadaye mkono mzima. Kufika kurasa za mwisho vidole vilikuwa havitoshi.

"Hii poa uliiandika nini kwenye fomu?" akaniuliza, bila kuinua macho.

"Baridi, Daktari."

"Baridi?"

"Ndiyo, Daktari. Kwa Kiswahili sanifu—"

"Kioko." Aliliweka daftari mapajani taratibu. "Mtu akikuuliza mambo, ukamjibu poa, unamwambia una baridi?"

Huo ulikuwa mwaka wangu wa nne kuishi Eastlands, upande huo wa jiji wenye Buruburu na Jericho. Kila asubuhi nilisalimiwa hivyo na kila mtoto wa Buruburu, nami kila asubuhi nikaitikia "Sijambo" kwa kuwarekebisha.

"Alikuwa anakwambia maji yamepona," Daktari akasema. "Mvua ikiyachafua, anangoja, yakirudi sawa anakuandikia siku yenyewe. Amepima muda wa kupona, mvua kwa mvua, karibu miaka mitatu. Ndicho kitu tulichokuja kutafuta. Kilikuwa kwenye droo yako."

Hakunifokea. Ningependa mjue hivyo, kwa sababu angenifokea ningekuwa na kitu cha kulalamikia. Alivua miwani akatazama nje kwa muda mrefu, na mimi nikatazama viatu vyangu. Nilivichukia siku ile. Niliona aibu ambayo mpaka leo, nikiandika haya, inanipandisha joto masikioni. Laiti ningeuliza neno moja tu, poa gani, Mama, mhandisi angepewa jibu jingine pale kando ya maji.

Nilikwenda Kayole Jumapili iliyofuata. Nilimkuta nyuma ya nyumba za ghorofa, anaanika mashuka, Ciru akimshikia vibanio. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba msamaha tangu nyumbani, na nikaitoa yote, tena kwa ngeli sahihi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta shuka moja, akalitundika.

"Mimi nilikuandikia," akasema. "Kila wiki nilikuandikia. Sikuwa naandikia ng'ombe."

"Najua, Mama."

"Hapo siku ya mhandisi nilisema na mdomo. Pia hukusikia."

"Sikusikia. Nisamehe."

Alichukua foronya akaikamua mara mbili, ingawa ilikuwa imeshakauka nusu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za mgonjwa wa jirani, "Na saa hii? Imepoa?"

"Bado."

"Haya. Ikipoa, uniandikie."

Hayo ndiyo maagizo pekee niliyopewa kazini ambayo sijawahi kuyaahirisha. Nilinunua gambuti, vile viatu virefu vya mpira vya kuingilia matopeni. Wale wenye kumbukumbu watakumbuka mlivyonicheka nikiingia nazo ofisini siku za mvua, na mlivyosema mzee anajifanya mkulima. Kwa miaka yote iliyobaki, mvua ikinyesha, nilikwenda Shimo, hata mradi ulipokwisha na hakuna aliyenituma. Niliuliza watu wa pale kwanza, halafu nikapima. Mtaa umelizunguka pande zote sasa. Maji bado ni ya kijani. Miradi miwili imejaribu kuyasafisha, mmoja wa kanisa na mmoja wa vijana, na kila mara yalionyesha dalili kwa wiki moja yakarudi yalivyokuwa.

Daftari la Mama Ciru sikulikabidhi pamoja na vifaa vingine. Liko kwenye droo ya tatu ya meza iliyokuwa yangu, ndani ya nailoni ileile, na chini yake kuna gambuti, saizi nane, mtu ajaribu. Kwenye ukurasa wa mwisho aliouandika kuna tarehe, kisha neno Mvua, kisha Maji chafu. Mstari unaofuata haujaandikwa kitu. Yeye yuko Kayole bado, ni nyanya mwenye wajukuu sasa, na Ciru ndiye ana simu. Namba iko ndani ya jalada. Siku maji yatakaporudi kuwa maangavu, msiniandikie mimi. Mwandikieni Mama Ciru, neno moja tu, lilelile lake, na tafadhali msilitafsiri.